Wasifu Mmoja wa Marehemu Wote

Jamhuri ya Mlingano haipo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji anayedhani ameitambua atulie, amekosea. Ni nchi ya watu wapole. Ina mlima mmoja, mito miwili na wizara arobaini na moja, na hakuna hata moja kati ya hizo wizara iliyowahi kushughulika na misiba mpaka alipokufa Waziri wa Ustawi.

Waziri alikufa Jumanne. Kwa bahati mbaya, na serikali imechunguza ikathibitisha kuwa ilikuwa bahati mbaya kweli, Jumanne hiyohiyo alikufa pia fundi baiskeli wa mtaa wa Kisimani, jina lake Makame. Wote wawili wakazikwa kesho yake saa nane mchana, makaburi yaleyale. Kwa Waziri kulikuwa na mahema, bendi, viti vya kuegemea na daftari la mahudhurio ambalo kila mtumishi wa umma alitakiwa kusaini. Watumishi walisaini. Kisha mmoja mmoja wakajifanya wanatafuta maji ya kunywa, wakavuka upande wa pili.

Ilipofika zamu ya kusoma wasifu wa Waziri, kurasa kumi na nne, walikuwa wamebaki mjane, wanajeshi na fundi wa vipaza sauti. Upande wa pili mdogo wake Makame alikuwa anasoma nusu karatasi. Alisema kaka yake aliwahi kumzibia mkunga pancha kwenye mvua, kisha akakimbia nyuma ya ile baiskeli mpaka mlangoni kwa mzazi, kwa sababu hakuiamini gundi yake ya solushani. Watu wakacheka huku wanalia. Walikuwa kama elfu mbili, na sauti yao ikafika mpaka kwenye mahema.

Mjane wa Waziri akainua kichwa, akauliza, "Kwani kule amekufa nani?"

Swali hilo ndilo lililoleta sheria.

Iliitwa Sheria ya Usawa wa Marehemu, na Bunge liliipitisha kabla ya chakula cha mchana. Mtoa hoja alieleza kwa uchungu kwamba wasifu tofauti huleta wivu miongoni mwa wafu, wanyonge ambao hawana chama cha kuwatetea. Maprofesa tisa wakapelekwa hoteli ya kando ya ziwa kwa wiki saba, wakarudi na wasifu mmoja utakaomfaa kila mtu. Ulikuwa hivi:

"Marehemu alizaliwa katika familia yenye shukrani. Alipata elimu iliyomtosha. Alifanya kazi aliyopangiwa na hakuuliza. Aliipenda serikali yake, nayo ikampenda. Aliugua kwa muda mfupi, akapata matibabu bora, akafariki kwa hiari. Ameacha pengo ambalo limekwisha kuzibwa."

Mwanzoni paliachwa mstari wa nukta wa kujaza jina. Baada ya miezi michache ikaonekana kuwa wenye majina marefu wanasomwa muda mrefu kuliko wenye majina mafupi, na huo nao ni upendeleo. Mstari ukafutwa. Mawe ya makaburi yakafuata.

*

Mwajabu alikuwa msomaji wa wasifu daraja la tatu. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mwenye cheti cha Chuo cha Matamko, na mwenye haya kiasi kwamba dukani alisubiri wateja wote waondoke ndipo aombe chumvi. Kazi aliipata kwa haya hizohizo. Kwenye usaili walimpa karatasi asome, akasoma tangu mwanzo mpaka mwisho bila kuinua macho. Wasaili wakatazamana, wakasema huyu ndiye.

Katika kila msiba alifuatana na Afisa wa Majonzi, Bwana Mizani, mtu mnene mwenye saa ya kusimamisha. Kazi ya Bwana Mizani ilikuwa kuhakikisha usomaji hauzidi dakika moja, na kwamba machozi hayavuki kiwango. Kiwango chenyewe hakikuandikwa popote, lakini yeye alikijua.

Siku ya kwanza ya kazi Mwajabu alipomaliza kusoma, mzee mmoja alimsogelea taratibu akiburuta fimbo.

"Mwanangu, huyo uliyemsoma ni nani?"

"Ni marehemu, babu."

"Marehemu yupi? Mimi nimekuja kumzika mke wangu."

"Ndiye huyo, babu."

Yule mzee akalitazama jeneza, akamtazama Mwajabu, akalitazama tena jeneza. "Basi hatukujuana," akasema, akaenda kukaa peke yake.

Mwajabu alilia njia nzima. Bwana Mizani, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimpa leso yake na kumwambia atazoea. Na kweli alizoea, na hilo ndilo lililokuja kumtia aibu zaidi baadaye. Siku majeneza mawili yalipobadilishwa pale hospitali, na familia mbili zikazika kila moja wa mwenzake, aliwekwa kwenye kamati ya uchunguzi. Kamati ilikaa ikagundua kuwa wasifu uliosomwa pande zote mbili ulikuwa sahihi, kwa hiyo hakuna kosa lililotendeka. Mwajabu alisaini chini kabisa, kwa herufi ndogo.

*

Wafu walitii. Waliokuwa wanasumbua ni walio hai, ambao waliendelea kuishi mambo yasiyomo kwenye wasifu wao. Wizara ikatoa Fomu ya Kuafiki. Kila aliyetimiza miaka hamsini alitakiwa kufika ofisini, akiri kuwa wasifu ule ni wake, na asalimishe chochote kinachoupinga. Watu wakapanga foleni. Mmoja alisalimisha tarumbeta, mwingine barua za mapenzi, mwingine picha akiwa juu ya mlima. Mama mmoja alijaribu kusalimisha mume, wakamrudishia.

Bi Asumini, mama yake Mwajabu, hakwenda.

Alikuwa mpishi wa shughuli. Kwa miaka arobaini hakuna harusi wala hitima iliyopita Kisimani bila mkono wake. Alikuwa na sauti ya kuita watu mtaa wa tatu, na binti yake alipozaliwa mpole, alisema labda sauti yote aliitumia yeye, hakuna iliyobaki ya kurithi.

"Mama, fomu yako bado haijafika ofisini," Mwajabu alimwambia siku moja. Walikuwa wanachambua mchele uani. "Wameniuliza mara mbili."

"Waambie nachambua mchele."

"Mama."

"Nisaini kwamba sikuuliza? Mimi? Mimi nauliza tangu naota meno. Muulize marehemu baba yako. Ah, samahani, nilisahau. Alikufa kwa hiari."

Mwajabu akainamia ungo. Mama yake akamtazama, akalegeza sauti.

"Nikuambie kitu. Mimi sitaki mengi. Siku yangu ikifika, sema ile ya sufuria."

Habari ya sufuria Kisimani nzima iliijua, na Bi Asumini alikuwa ameisimulia mara nyingi kiasi kwamba Mwajabu aliiota. Ulikuwa mwaka wa mgomo wa reli. Askari walikuwa wanamsaka kijana mmoja, kiongozi wa wagomaji, wakaingia uani kwenye harusi. Bi Asumini alikuwa amemtia kijana kwenye sufuria kubwa la biriani, amefunika, amepanga makaa yaliyozimika juu ya kifuniko kama anapalia wali, na mwenyewe ameketi pembeni, mkono mmoja juu ya kifuniko, anajipepea. Sajini akauliza kuna nini humo. Wali. Akasema funua. "Wali ukifunuliwa kabla ya wakati hauivi tena," Bi Asumini akamjibu, "na harusi hii ni ya mpwa wa mkubwa wako. Nani atamweleza, mimi au wewe? Keti, unywe chai, usubiri uive." Sajini akaketi. Akanywa chai vikombe vitatu. Akaondoka ametosheka.

"Hiyo tu," mama alisema. "Wala usipambe."

"Watanifukuza kazi, mama."

"Wakikufukuza utapika. Kwani hujui kukuna nazi?"

"Watanifunga."

Bi Asumini alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. Alitoa kingine. Alikuwa anampenda binti yake kuliko hadithi zake zote, na hilo lilionekana.

"Basi sema nusu," akasema. "Sema niliketi. Wenye kujua watajua."

"Nitasema, mama," Mwajabu akamwambia, na wakati anasema alikuwa anamaanisha.

*

Bi Asumini aliugua miezi minane. Alifariki kwenye benchi la hospitali, akiwa wa kumi na saba kwenye foleni, na waliokuwa nyuma yake walisogea.

Asubuhi ya mazishi Mwajabu aliitwa na Mkurugenzi Takrima, mkuu wa Idara ya Wasifu, mtu ambaye hakuwahi kutamka sentensi fupi.

"Binti Mwajabu," alisema akiwa amesimama, maana hotuba hazitolewi kwa kukaa, "Idara hii, kwa niaba ya Wizara, na Wizara kwa niaba ya Mlezi Mkuu wa Jamhuri, inaungana nawe katika wakati huu mgumu ambao, kwa mujibu wa sheria, si mgumu kuliko wa mtu mwingine yeyote. Tungeweza kukupa likizo. Lakini tukajiuliza: je, ni mfano gani mkubwa wa usawa kuliko mtumishi kumsomea mzazi wake wasifu uleule aliowasomea wageni? Tumekupangia wewe. Nami nitakuja na kinasa sauti, kwa ajili ya mafunzo. Una swali?"

Mwajabu alikuwa na swali. "Hapana, Mheshimiwa," akasema.

Makaburini watu walikuwa wengi. Wapishi wote wa Kisimani walikuja, wamefunga kanga viunoni kama siku ya kazi. Kabla hajasogea kwenye kipaza sauti, mwanamume mmoja mrefu, mvi tupu, alimsimamisha. Magoti yake hayakunyooka sawasawa. Alivua kofia.

"Wewe ndiye binti yake?"

"Ndiyo, mzee."

"Nimetoka kule mlimani, safari ya siku mbili. Hunijui." Akamwinamia sikioni, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mimi ndiye wali."

Mwajabu alimshika mkono. Mzee akarudi nyuma, akasimama kofia mkononi kama mtoto anayesubiri kuitwa jina lake.

Mkurugenzi akabonyeza kinasa sauti. Bwana Mizani akabonyeza saa. Mwajabu akafungua karatasi ambayo hakuihitaji.

"Marehemu alizaliwa katika familia yenye shukrani. Alipata elimu iliyomtosha. Alifanya kazi aliyopangiwa..."

Akasimama.

Mbele yake viliinuka vichwa vyote. Mpishi mmoja aliweka mkono kifuani. Yule mzee alisogea hatua moja mbele, na uso wake ukawa wa kijana. Neno lilikuwa moja tu. *Aliketi.* Mwajabu alilihisi limefika kwenye meno. Alimwona Bwana Mizani anaitazama saa, kisha anamtazama yeye, na macho yake hayakuwa ya kutisha, yalikuwa yanamwomba: binti, usinitie matatizoni. Alimwona Mkurugenzi ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza kwa makini kama mtu anayeonja mchuzi. Aliuona mlango wa gereza, ambao hajawahi kuuona. Upepo ulipita kwenye kipaza sauti.

"...na hakuuliza," akasema.

Kutoka kwa wapishi ilisikika sauti moja ndogo, "Mh." Mzee akavaa kofia yake. Mwajabu akaendelea mpaka mwisho, serikali ikampenda mama yake, matibabu yakawa bora, pengo likawa limezibwa, na wala sauti haikumkatika.

Watu walipotawanyika, yule mzee alimfuata, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, mwanangu. Umesoma vizuri," akasema. Hakuwa anakejeli. Laiti angekuwa anakejeli.

*

Kanda ilimfurahisha Mkurugenzi kupita kiasi. Aliisikiliza mara sita, akaipeleka Wizarani, Wizara ikaipeleka kwenye Baraza, Baraza likaipeleka kwa Mlezi Mkuu, naye akaisikiliza akiwa anakata kucha. Kilichowavutia wote ni kile kimya cha katikati. Kilipimwa, kikaonekana ni cha sekunde kumi na moja. Maprofesa walewale tisa wakarudi ziwani, wakakiita Pumziko la Kitaifa.

"Ni huzuni iliyokomaa," Mkurugenzi alimweleza Mwajabu, "huzuni inayofika mpaka kwenye mpaka wa sheria, inasimama, inapiga saluti, inageuka nyuma. Hatujawahi kuipata. Kuanzia mwezi ujao kanda hii itapigwa kwenye kila msiba wa Jamhuri. Mlezi Mkuu ameandika kwa mkono wake: Isiguswe."

"Na sisi wasomaji, Mheshimiwa?"

"Wasomaji hawahitajiki tena. Sauti mnayo moja, na iko salama."

Akapewa cheti cha heshima kisicho na jina, na karatasi ya kusaini kwamba sauti ile ni mali ya Jamhuri na yeye hataitumia hadharani. Alisaini. Tangu siku hiyo akawa anazungumza kwa kunong'ona, hata nyumbani, hata kwa paka.

Alikwenda kwa wapishi wa mama yake kuomba kazi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, alitamani kwa kweli apate matusi. Wakampa kisu na gunia la vitunguu. Vitunguu ni kazi nzuri kwa mtu wa aina hiyo, hakuna anayekuuliza kwa nini unalia.

Kwa mwaka mzima alikwepa misiba. Kisha akafariki mpishi mmoja, yule aliyekuwa ameweka mkono kifuani, na huo usingekwepeka. Alisimama nyuma kabisa, karibu na mama mmoja mfupi asiyemjua, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kwenye nguzo palikuwa na spika. Afisa kijana alibonyeza kitufe.

"Marehemu alizaliwa katika familia yenye shukrani," ikasema sauti ya Mwajabu, kubwa, imenyooka, mbele ya watu mia tatu. Akaziba masikio. Alijua kinachokuja na hakutaka kukisikia kimya chake mwenyewe. Lakini viganja havizibi yote.

"Alifanya kazi aliyopangiwa..."

Na hapo umati mzima ukaanza kunong'ona.

Walinong'ona wote kwa pamoja, haraka haraka, midomo haifunguki, kama watu wanaomwaga maji kabla bomba halijafungwa. "Alitunyonyeshea mwanetu nilipolazwa." "Alikuwa mwongo wa umri, lakini biriani lake!" "Alimchapa diwani kwa mwiko." Na waliokwisha kumtaja huyu wakarukia wa kwao, waliozikwa zamani bila majina: "Mzee Bunaya, alipiga tarumbeta." "Mwanangu Zainabu, miaka tisa, aliogopa kuku."

"...na hakuuliza."

Kimya. Nyuso zote zikarudi kuwa za kiwango. Afisa kijana akaandika kwenye daftari lake kwamba umma umesikiliza kwa utulivu.

Mama wa miwani alikuwa anapangusa macho. Akamgusa Mwajabu kiwiko. "Mbona wewe umenyamaza? Huna wako?"

"Ninaye."

"Basi umeshachelewa, sekunde zimekwisha. Hujawahi kuja msibani, nini? Nchi nzima ndivyo tunavyozika siku hizi." Akaitazama spika kwa upendo. "Mungu amweke huyu msomaji, popote walipomtupa. Aliijua kazi yake. Alituachia nafasi makusudi, palepale mbele ya pua zao."

Mwajabu alihisi uso unamwaka. Angeweza kunyamaza, kunyamaza alikuwa hodari. "Hakuiacha makusudi," akanong'ona. "Aliogopa tu. Alikuwa na neno moja la kusema, akaogopa."

"Wewe umejuaje?"

"Ni mimi. Na aliyezikwa siku ile alikuwa mama yangu."

Yule mama akamtazama tangu kichwani mpaka miguuni, kanga yenye harufu ya vitunguu, macho mekundu, sauti ambayo paka angeweza kuishinda. Hakucheka. Alimpapasa bega.

"Dada yangu," akasema kwa upole, "wewe ni wa nne mwezi huu. Juzi hata mwanamume mmoja aliapa ni yeye. Nawaelewa. Kila mtu angependa kuwa ndiye." Akafunga vizuri kanga yake. "Kesho kuna mazishi kule ng'ambo ya mto, saa nne asubuhi. Njoo. Lakini usizubae tena, sekunde kumi na moja si nyingi. Anza na jina, kisha chagua jambo moja tu."

Mwajabu akaenda zake kwa miguu, anahesabu kwa vidole. Bi Asumini binti Kheri, mpishi, mwaka wa mgomo, kijana, sufuria, makaa, sajini, chai. Sekunde arobaini. Akaondoa chai. Akaondoa makaa. Kwenye kona ya msikiti akamwondoa sajini, na ikabidi asimame kidogo. Alipofika mlangoni alikuwa ameifikisha sekunde kumi na tatu, na hakujua ampunguze mama yake wapi tena.